Stempu za mzee, seva ya kijana: mali inayolala ndani ipigiwe hesabu

WAFANYABIASHARA wa Makambako huwa wamekwishajua, kabla jua halijapanda, gunia la viazi limeamkia bei gani, mbao zinakwendaje na wanunuzi wa parachichi wanataka tunda la ukubwa upi. Bei hizo hupanda na kushuka hadharani, na aliyepata hasara huijua siku hiyo hiyo. Lakini zipo mali mbili zinazolala ndani ya nyumba, kuanzia Makambako mjini hadi vijiji vya Kichiwa, ambazo hazina ubao wa bei na mwenye nazo hajui kama anapata au anapoteza. Ya kwanza ni stempu za zamani alizoacha baba au babu. Ya pili ni kompyuta ya kuhifadhi kumbukumbu, yaani seva, ambayo kijana wa nyumba ameiweka chini ya meza na haizimwi usiku wala mchana.

Kwa haraka haraka mtu ataona kwamba mali hizo hazina uhusiano. Uhusiano upo, nao ni wa fedha. Zote mbili ni ghala, na ghala lina gharama hata kama halijauza kitu. Mwenye stempu husema thamani inapanda kadiri zinavyokaa. Mwenye seva husema mashine yake haili kitu. Kauli zote mbili hazijapigiwa hesabu, na katika nyumba nyingi zikipigiwa huanguka.

Barua za manamba

Si ajabu kukuta stempu nyingi katika kata kama Kichiwa, ingawa hakuna duka la stempu Njombe nzima. Wakati wa utawala wa Waingereza Njombe ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa vibarua kwa ajili ya mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kama SILABU, na vijana wa Kibena wakapandishwa malori kuelekea pwani. Waliokwenda waliandika barua, au waliandikiwa na makarani. Barua zile hazikuletwa mlangoni kama Ulaya, bali zilifikia sanduku la posta la misheni, la shule au la mwenye duka, na mtu akaitwa kuja kuchukua yake. Misheni za Walutheri kama Kidugala, zilizoanzishwa na wamisionari wa Berlin zama za Wajerumani, zilikuwa na barua zake za kwenda na kurudi Ulaya. Baadaye ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ikaifanya Makambako kuwa stesheni kubwa ya njiani, na barua za mafundi na wafanyakazi wa reli zikaongezeka.

Hivyo sanduku la bati lililo juu ya dari linaweza kuwa na historia ndefu kuliko ukoo unavyokumbuka. Zipo stempu za twiga zilizoanza kutolewa mwaka 1922, za mwanzo kabisa kuwa na jina la Tanganyika. Zipo zenye picha ya mfalme na majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, ambazo zilianza mwaka 1935. Zipo za Uhuru za Desemba 1961, za samaki za mwaka 1967, za vipepeo za mwaka 1973, na zile za pamoja za mwaka 1976 zilizoonyesha reli, mojawapo ikiwa na treni ya TAZARA. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Tanzania ikabaki na posta yake yenyewe.

Aliye na bahati zaidi atakuta kitu cha Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka kutoka Nyasaland mwaka 1916, yakapita Njombe na kufika Iringa mwezi Agosti mwaka huo, na posta yao ilitumia stempu za Nyasaland zilizopigwa chapa ya herufi N.F. Kwa mkusanyaji wa Uingereza au Ujerumani, bahasha yenye stempu hiyo na muhuri wa posta ya vita unaosomeka ni bidhaa ya kupigania mnadani.

Neno la kushika hapo ni bahasha. Familia nyingi hujipunja zenyewe kabla mnunuzi hajatokea. Watoto hukata stempu, hutupa bahasha, hubandika kipande kwenye daftari kwa gundi ya shule. Mzee anaona daftari limejaa rangi, anafurahi. Kumbe stempu yenyewe ilichapishwa kwa mamilioni na huuzwa Ulaya kwa uzito kama njugu, lakini bahasha iliyotoka shamba la mkonge Korogwe, ikapigwa muhuri wa tarehe, ikapita Dodoma au Iringa na kufikia sanduku la misheni wilayani Njombe, haikuchapishwa mara mbili. Wakusanyaji wa siku hizi hununua safari ya barua. Muhuri wa posta ndogo iliyofungwa siku nyingi unaweza kuwa na thamani kuliko sura ya mfalme iliyo chini yake. Mwenye bahasha nzima asiikate, asiioshe, asiipige pasi.

Mikoba isiyo na mnunuzi

Upande wa pili wa sanduku hauna habari njema, na ni afadhali ukweli uelezwe. Miaka ya 1980 na 1990 Tanzania, kama nchi nyingine nyingi, ilitoa stempu kwa wingi mno kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo kupitia wakala wa New York. Zilikuwa na wanyama wa kale, ndege wa mabara mengine na mashindano ya mpira ya dunia, na nyingi kati yake hazikuwahi kuonekana katika dirisha la posta la Njombe. Ziliuzwa zikiwa mpya, zikawekwa na maelfu ya watu zikiwa mpya, na leo zipo kila mahali zikiwa bado mpya. Mali ambayo kila aliyenunua ameitunza vizuri haiwezi kuwa adimu. Mtumishi mstaafu aliyenunua karatasi nzima nzima za stempu hizo kama akiba ya uzeeni ameshika picha nzuri tu. Na hata thamani iliyoandikwa usoni mwake imeliwa na mfumuko wa bei; stempu za senti 30 zingeijaza bahasha pande zote mbili kabla hazijatosha kulipia barua moja.

Halafu kuna suala la katalogi. Mtu akipata kitabu cha Stanley Gibbons cha London au Michel cha Ujerumani, akaona stempu yake imeandikiwa paundi 40, hujiona ana paundi 40. Bei ile ni ya muuzaji dukani, kwa stempu iliyo safi, yenye meno kamili, isiyo na kuvu wala kipande kilichochanika. Anayeuza kwa muuzaji hupata sehemu yake tu, na kwa stempu za kawaida sehemu hiyo inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutofidia gharama ya kuzituma.

Wawekezaji wadogo wanaoambiwa kwamba stempu hazishuki bei watazame ile iliyo maarufu kuliko zote, ya senti moja ya British Guiana ya mwaka 1856, ambayo inajulikana kubaki moja tu duniani. Mwaka 2014 iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 9.48. Mwaka 2021 ikauzwa tena, kwa dola milioni 8.3. Aliyeishika kwa miaka saba alipungukiwa na zaidi ya dola milioni moja, bila kuhesabu bima na ulinzi. Ikiwa ya pekee duniani inashuka, ya mkobani Kichiwa haina kinga.

Hispania ilipata somo baya zaidi. Kampuni mbili, Afinsa na Fórum Filatélico, zilichukua akiba za watu wa kawaida kwa ahadi kwamba stempu zitapanda na faida italipwa kwa tarehe. Polisi walipoingia ofisini kwao Mei 2006 ilidhihirika kwamba waliotangulia walikuwa wakilipwa kwa fedha za waliofuata, na zaidi ya watu 400,000 wakabaki wameshika mikataba na stempu za bei ya chini mno. Mtanzania hana haja ya kufafanuliwa zaidi. DECI ilikuja na lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, Serikali ikaizuia mwaka 2009, na wengi waliopanda hawakuvuna. Tofauti ni kwamba Wahispania angalau walibaki na karatasi za rangi.

Elfu hamsini za jumla

Soko la stempu linapofika kijijini huja kwa sura ya mtu mmoja mwenye begi. Anamwamkia mzee shikamoo, anasifia nyumba, anaulizia mahindi. Kisha: "Mzee wangu, hizi karatasi za zamani zinakujazia panya tu. Nikupe elfu hamsini zote niziondoe?" Elfu hamsini ni fedha, hasa Januari watoto wakitakiwa shuleni. Pengine hata ni bei ya haki, kama sanduku lina stempu za kawaida tupu. Tatizo ni kwamba mzee hana njia ya kujua, na mwenye begi anayo.

Dawa haihitaji utaalamu mkubwa. Kwanza vitenganishwe vitu vitatu: bahasha nzima na kadi, stempu zilizotumika zikiwa peke yake, na stempu mpya. Kundi la kwanza lipigwe picha pande zote mbili, maana muhuri wa kupokelea mara nyingi uko nyuma. Picha hizo zionyeshwe kwa wauzaji wawili au watatu kabla ya kutaja bei. Shirika la Posta lina ofisi ya stempu Dar es Salaam ambako mtu anaweza kuulizia, na Uingereza kuna chama cha wakusanyaji wa stempu za Afrika Mashariki, East Africa Study Circle, ambacho wanachama wake hutafuta hasa mihuri ya posta ndogo. Stempu zenye thamani kubwa usoni, za paundi na za shilingi nyingi za wakati wa wafalme, ziangaliwe kwa tahadhari. Nyingi zilitumika kulipia hati za serikali na baadaye wajanja wakafuta wino na kuzigeuza kuwa mpya. Mnunuzi wa ng'ambo analijua hilo na atataka cheti cha mtaalamu. Cheti kina ada, na ada hiyo isilipwe kwa stempu ambayo haitairudisha.

Kundi la pili na la tatu, kwa sanduku la kawaida, liuzwe kwa jumla kwa bei yoyote ya maana au wapewe watoto wa shule. Kulisubiri ni kulilipia pango.

Maana kungoja nako kunaharibu. Nyanda za juu za Njombe zina baridi, na mvua zake huanza Novemba hadi Aprili au Mei. Unyevu hugandisha stempu mpya kwa gundi yake yenyewe, kuvu huacha madoa ya rangi ya kutu, mende hula gundi na mchwa hula vyote. Moshi wa jikoni humalizia. Historia ya stempu za hapa hapa nchini inao mfano. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na meli za Uingereza, stempu zilichapishwa katika misheni ya Vuga huko Usambara. Kabla hazijatumika ikapenya meli iliyoleta shehena ya stempu za kawaida, hivyo zile za Vuga zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui. Zilipofukuliwa baada ya vita, nyingi zilikuwa zimeharibiwa na unyevu. Zilizosalimika zikauzwa Ujerumani.

Umeme wa seva

Sasa aje kijana. Amesoma, ana kazi ya kutengeneza simu na kompyuta Makambako, na amesikia kwamba picha za stempu za babu na kumbukumbu za duka zihifadhiwe nyumbani, zisiwe mikononi mwa kampuni za nje zinazodai malipo ya kila mwezi kwa dola. Hoja yake ina uzito. Amenunua kompyuta ya mezani iliyotolewa ofisini, akaitia diski mbili na programu huria za Linux, na sasa kila simu ya nyumbani inatupa picha zake humo. Kwa bei ya kununulia amefanya vizuri. Hesabu iliyomponyoka iko kwenye LUKU.

Kompyuta ya namna hiyo huvuta wati 80 hivi hata ikiwa haina kazi nzito. Kwa saa 24 na siku 30 ni uniti 57.6, tuseme 58. Chukua nyumba ya Kichiwa yenye taa, redio, runinga na simu za kuchaji, inayotumia uniti 40 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa Sh 100 kwa uniti hadi uniti 75, na Sh 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Nyumba hiyo, kabla ya kodi na tozo, ilikuwa ikilipa Sh 4,000. Seva ikiwashwa inafika uniti 98. Za kwanza 75 ni Sh 7,500, na 23 zilizozidi ni Sh 8,050. Jumla Sh 15,550.

Hapo bado nafuu. Mteja anayezoea kuvuka uniti 75 huondolewa katika kundi hilo na kuingizwa T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni Sh 292. Uniti 98 zinakuwa Sh 28,616. Kwa maneno mengine mashine ambayo "haili kitu" imeongeza Sh 24,616 kwa mwezi, karibu Sh 295,000 kwa mwaka, na imepandisha bei ya taa ya jikoni na redio ya bibi ambazo hazikuwa na kosa. Zaidi ya nusu ya wateja wanaolalamika kwamba LUKU "inakimbia" huenda hawana seva, lakini anayeiwasha asianze kuitafuta sababu kwenye pasi.

Kwa duka la mjini ambalo tayari liko T1 nyongeza ni Sh 16,936 kwa mwezi. Ni nyingi, ila duka linaweza kuibeba kama mashine inafanya kazi ya duka.

Njia nyingine ni kutumia kompyuta ndogo za ubao mmoja za aina ya Raspberry Pi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2012, au kompyuta ya mkononi ya zamani ambayo betri yake bado inashika. Ubao mdogo unaovuta wati 5 hutumia uniti 3.6 kwa mwezi. Nyumba ile inabaki chini ya uniti 44 na nyongeza ni Sh 360. Hata ikiwa ubao huo pamoja na diski yake vitagharimu Sh 300,000, tofauti ya umeme kwa nyumba iliyosukumwa T1 inarudisha fedha hizo kwa mwaka mmoja na siku chache. Ni vitega uchumi vichache vya halali vinavyorudi kwa kasi hiyo, hata kwenye viazi.

Kazi ipo au haipo?

Swali la kutangulia hata umeme ni kama kazi yenyewe inahitaji seva. Stempu hazihitaji. Bahasha 800, kila moja picha mbili, kila picha MB 5, ni MB 8,000. Mkusanyo mzima wa ukoo unaingia katika flashi moja ya GB 16 na nafasi inabaki. Flashi mbili, moja nyumbani na nyingine kwa shangazi Njombe mjini, zinalinda kumbukumbu hiyo kuliko mashine ya wati 80 iliyo chumba kimoja na sanduku lenyewe.

Duka ni jambo jingine. Mwenye duka la jumla Makambako mwenye vijana watatu kaunta, stoo mbili na wateja wa mkopo kutoka Kichiwa, Wanging'ombe na Mufindi anahitaji daftari moja ambalo wote wanaliona kwa wakati mmoja. Sheria ya usimamizi wa kodi inamtaka atunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Risiti za mashine ya EFD hufifia kabla ya hapo, na mwenye picha zake ana la kumwonyesha mkaguzi. Zaidi ya hayo, intaneti imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kukatika nchi nzima. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na huduma ikadorora. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, ilizimwa kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na hesabu zake zote kwa kampuni ya nje alifunga au akarudi kwenye karatasi. Aliyekuwa na seva chini ya kaunta aliendelea kuuza, mradi umeme ulikuwepo.

Wengi, tena, wana seva bila kujua. Kisanduku kinachorekodi kamera za ulinzi, kinachokoroma juu ya kabati, ni seva kamili yenye diski yake na gharama yake ya umeme. Kabla ya kununua nyingine, mwenye duka aulize kilichopo kinafanya nini usiku.

Atakayeamua kuwa nayo ajue kazi zinazofuata, maana mauzo ya mashine hizi hayataji utunzaji. Diski mbili zinazoandika kitu kimoja humwokoa mtu diski moja ikifa. Haziwezi kumwokoa na radi, ambayo kwa misimu ya mvua ya huku si mgeni, wala na mwizi anayebeba sanduku zima. Nakala ya tatu ikae nyumba nyingine, na kila miezi mitatu ijaribiwe kwa kurudisha faili moja. Nakala isiyojaribiwa haipo. Kifaa cha kukinga umeme na betri ya dakika chache ni lazima. Kuifikia seva kutoka safarini kuna vikwazo vyake, kwani laini za simu kwa kawaida hazimpi mteja anwani ya intaneti ya peke yake, na njia ya VPN ambayo vijana huitumia ilitakiwa kuandikishwa kwa tangazo la TCRA la Oktoba 2023. Vilevile majina, namba za simu na madeni ya wateja ni taarifa binafsi chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Mwenye kuzikusanya kibiashara anatakiwa kujiandikisha kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Akiziacha wazi kwenye mashine isiyo na nywila, hasara haitakuwa ya umeme tena.

Hesabu ya saa za kazi nayo iingie. Kijana anayetumia Jumamosi mbili kila mwezi kusasisha programu na kubadilisha diski anafanya kazi isiyo na mshahara. Akiwa anajifunza ufundi atakaouza Makambako, hiyo ni ada ya shule na inafaa. Akiwa ni dereva wa lori anayetaka tu picha za harusi zisipotee, alipie GB zake nje na alale.

Nywila ya marehemu

Kuna jambo moja ambalo stempu zinaishinda seva kwa mbali. Mzee akifariki, sanduku la bati hufunguliwa kwa bisibisi na kila mtu anaona kilichomo. Kijana akifariki, seva yake inaendelea kuwaka, inakula uniti, na hakuna anayejua nywila. Baraza la ukoo linaweza kuteua msimamizi wa mirathi na mahakama ikampa barua, lakini diski iliyofungwa kwa maandishi ya siri haisomi muhuri wa mahakama. Madeni ya wateja yaliyomo humo yamekwenda, na picha za bahasha pia.

Kwa hiyo daftari la mikono bado lina kazi. Ukurasa wa kwanza uorodheshe bahasha zilizobaki na zilizouzwa, kwa nani na kwa bei gani. Ukurasa wa pili uandikwe nywila, mahali nakala zilipo, na tarehe ambayo mashine itapimwa tena kama bado ina kazi. Daftari likae kwa mtu mzima wa familia anayeaminika, si juu ya seva yenyewe.

Kwa nyumba nyingi za Kichiwa mpango unaofaa ni huu: bahasha nzima zipigwe picha na kutafutiwa bei moja moja, stempu za kawaida ziondoke kwa jumla, mikoba ya miaka ya 1990 wapewe watoto, kompyuta ya wati 80 iuzwe kwa fundi, na kama kazi ya seva ipo kweli, ifanywe na ubao wa wati 5. Kufungua masanduku kungoje Juni na Julai, mvua zikiwa zimekatika na hewa ni kavu, karatasi zisichanike zikiachanishwa. Kompyuta ya zamani haina sababu ya kungoja miezi hiyo.